SOMO: MKUTANO WA KAZI WA GENEVA NA MLINZI WA GODAUNI LETU



Somo la toleo hili linahusu mkutano unaofanyika mbali sana na mizani zetu. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Juni, wajumbe wa serikali, wa waajiri na wa wafanyakazi kutoka nchi wanachama 187 hukutana katika mji wa Geneva, Uswisi, kwenye Mkutano Mkuu wa Kimataifa wa Kazi, ambao ndio mkutano mkuu wa Shirika la Kazi Duniani (ILO). Somo hili nimelichagua kwa sababu katika ukaguzi wa vyama vya msingi, Dutwa na kwingineko wilayani Bariadi, kuna jibu moja ninalopewa mara kwa mara. Ukimwuliza katibu mkataba wa mlinzi wa godauni uko wapi, hujibu: "Ndugu Mkaguzi, sisi si waajiri, sisi ni wakulima." Jibu hilo ni kweli nusu. Nusu iliyobaki hulipiwa kwa fedha za wanachama.

Mkutano ulivyoanza

ILO iliundwa mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa Mkataba wa Amani wa Versailles. Mkutano wake wa kwanza ulifanyika Washington, Marekani, mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, na Mkataba Na. 1 uliopitishwa huko uliweka saa 8 za kazi kwa siku na saa 48 kwa wiki viwandani. Nchi yetu, wakati huo ikiitwa Tanganyika, ilijiunga mwaka 1962, miezi michache tu baada ya Uhuru.

Muundo wa Mkutano huu wafaa ueleweke vizuri, kwani hauna mfano katika mashirika mengine makubwa ya dunia. Kila nchi hupeleka wajumbe wanne wenye kura: wawili wa serikali, mmoja wa waajiri na mmoja wa wafanyakazi. Kila mmoja hupiga kura yake mwenyewe. Mjumbe wa wafanyakazi wa Tanzania aweza kupiga kura kinyume cha mjumbe wa serikali aliyeketi karibu naye, na jambo hilo halihesabiwi kuwa utovu wa nidhamu. Mwanaushirika aliyezoea kanuni ya mwanachama mmoja kura moja hatashangaa. Ili Mkataba upite, hutakiwa theluthi mbili ya kura zilizopigwa. (Hotuba za huko nazo ni ndefu. Anayelalamikia mikutano yetu mikuu ya mwaka ajue kwamba ule wa Geneva huchukua majuma mawili au zaidi.)

Je, mkulima yumo?

Swali hili liliulizwa mapema sana. Mwaka 1921 mkutano wa tatu, uliofanyika Geneva, ulikuwa na mambo ya kilimo katika ajenda yake. Serikali ya Ufaransa ilipinga, ikidai kwamba shirika hili liliundwa kwa ajili ya viwanda, na mashamba hayamo katika mamlaka yake. Mkutano haukukubali. Mwaka huohuo ilipitishwa mikataba ya kilimo, miongoni mwao Mkataba Na. 10, uliokataza watoto walio chini ya miaka 14 kuajiriwa mashambani katika saa za shule, na Mkataba Na. 11, uliowapa wafanyakazi wa mashambani haki ileile ya kuungana waliyo nayo wenzao wa viwandani. Ubishi uliendelea hadi Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa, iliyokuwa The Hague, nayo mwezi wa Agosti mwaka 1922 ikatoa maoni kwamba mamlaka ya ILO yanawahusu wafanyakazi wa kilimo pia.

Hivyo basi, anayesema leo kwamba mambo ya Geneva ni ya watu wa mijini amechelewa kwa zaidi ya miaka 100.

Ushirika nao haukusahauliwa. Mkurugenzi wa kwanza wa ILO, Mfaransa Albert Thomas, alikuwa mwanaushirika, na mwaka 1920 alianzisha idara ya ushirika ndani ya ofisi yake. Mwaka 1966 Mkutano ulipitisha Pendekezo Na. 127 juu ya ushirika katika nchi zinazoendelea. Wazee wa Usukuma wanafahamu yaliyotokea hapa kwetu katika miaka iliyofuata. Umoja mkubwa wa wakulima wa pamba, Victoria Federation of Co-operative Unions, uliojengwa mwaka 1955, ulikuwa fahari ya Kanda ya Ziwa. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika na vyama vyake vya msingi, na ununuzi wa pamba ukakabidhiwa kwa mamlaka ya zao. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyorudisha ushirika. Funzo la namna hiyo lilipatikana katika nchi nyingi, na mwaka 2002 Mkutano ulipitisha Pendekezo jipya, Na. 193, likachukua nafasi ya lile la zamani. Pendekezo hili lasema kwamba ushirika ni umoja wa watu walioungana kwa hiari, unaojitegemea, unaomilikiwa kwa pamoja na kuendeshwa kidemokrasia na wanachama wenyewe.

Viongozi wetu hulipenda sana fungu hilo, na wana haki. Lakini Pendekezo hilohilo lataka pia haki za msingi za kazi zitimizwe kwa wafanyakazi wote wa vyama vya ushirika bila ubaguzi wowote, na kwamba ushirika usitumiwe kuwa njia ya kukwepa sheria za kazi. Kwa maoni yangu, chama hakiwezi kudai uhuru kwa aya ya kwanza na kuifumbia macho aya ya pili.

Njia kutoka Geneva hadi Dutwa

Mkutano hutoa maamuzi ya aina mbili. Mkataba huifunga nchi, lakini baada tu ya nchi hiyo kuuridhia. Kwetu sisi kazi hiyo hufanywa na Bunge. Pendekezo ni mwongozo, haliridhiwi. Kila mwanachama wa ILO anapaswa kufikisha maamuzi hayo mbele ya chombo chake cha kutunga sheria, kwa kawaida katika muda wa miezi 12. Nchi ikisharidhia Mkataba, hutuma taarifa za utekelezaji, nazo husomwa na Kamati ya Wataalamu iliyoanzishwa mwaka 1926. Panapoonekana kasoro kubwa, serikali yaweza kuitwa mbele ya Mkutano kujieleza.

Tuchukue mfano mmoja. Mkutano ulipitisha Mkataba Na. 138 juu ya umri wa chini wa kuajiriwa mwaka 1973. Tanzania iliuridhia mwaka 1998. Mkataba Na. 182 wa kukomesha aina mbaya kabisa za kazi za watoto ulipitishwa mwaka 1999. Tanzania iliuridhia mwaka 2001. Kisha ikaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004: mtoto aliye chini ya miaka 14 haajiriwi, mwenye miaka 14 aweza kupewa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma, na aliye chini ya miaka 18 haajiriwi katika kazi za hatari, na kilimo kimetajwa humo kwa jina. Lililojadiliwa Geneva mwaka 1973 sasa limo katika sheria ambayo Afisa Kazi huja nayo mkononi hadi shambani.

Kuna tofauti kati ya mtoto anayemsaidia mama yake kuchuma pamba baada ya shule na mtoto aliyechukuliwa kibarua kwa malipo ya kilo, akaacha darasa wakati wote wa mavuno. Huyu wa pili ndiye sheria inayemkusudia. Kuhusu bomba la kunyunyizia dawa, kwangu hakuna mjadala: kijana wa miaka 15 asibebeshwe mgongoni sumu ya wadudu, awe wa jirani au wa nyumbani.

Mlinzi wa godauni

Sasa turudi kwa mlinzi, kwani hapa ndipo vyama vingi vinapokosea. Mlinzi mmoja huingia saa 12 jioni, hutoka saa 12 alfajiri, usiku saba kwa wiki. Hizo ni saa 84. Sheria huruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki. Zinazidi saa 39. Kwa majuma manne zinazidi saa 156, ilhali saa za ziada zisizidi 50 katika majuma manne, na kila moja hulipwa mara moja na nusu. Aidha, kila mfanyakazi ana haki ya saa 24 za mapumziko kila wiki, na saa za kati ya saa 2 usiku na saa 12 alfajiri huongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Katibu mwenye kikokotoo na apige hesabu hizi kwa mshahara anaomlipa mlinzi wake. Wengi hawatapenda jumla watakayoiona.

Dawa yake si ngumu. Walinzi wawili wakipokezana usiku kwa usiku, kila mmoja hufanya wastani wa saa 42 kwa wiki. Sheria inakubali zamu ya saa 12 kwa siku bila malipo ya ziada ikiwa pana makubaliano ya maandishi, mradi siku hizo zisizidi 5 kwa wiki na saa zisizidi 45. Kwa hiyo katika wiki ya usiku nne, zenye saa 48, zile 3 zilizozidi zitalipwa kama saa za ziada. Sharti kubwa hapa ni neno maandishi.

Chama kimoja, ambacho sitakitaja, kilimweka mlinzi misimu kadhaa bila karatasi yoyote. Wakati wa ununuzi alipewa posho. Msimu ukiisha, aliambiwa avumilie hadi pamba irudi, naye aliendelea kulala godauni akilinda mizani na mifuko ya mbegu. Magunia yalipopungua, alifukuzwa siku hiyohiyo bila kusikilizwa. Alipeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, kama sheria inavyotaka. Viongozi walikwenda wakiamini kwamba mtu asiye na mkataba hana haki. Sheria yasema kinyume chake: mwajiri akishindwa kuonyesha masharti ya kazi kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri, na sababu ya kumwachisha mtu kazi huthibitishwa na mwajiri pia. Fidia ililipwa kutoka kwenye ushuru wa chama, yaani kwa jasho la wanachama ambao hawakuwahi kuulizwa.

Huenda mlinzi yule alikuwa na kosa, huenda hakuwa nalo. Hakuna aliyejua, kwa kuwa hapakuwa na daftari la zamu, wala hati ya makabidhiano, wala mahojiano yaliyoandikwa.

Wapakiaji nao wana jambo lao. Vyama vingine huwaita "kikundi huru" ili wasihesabiwe kuwa wafanyakazi. Ikiwa katibu ndiye anayewapangia saa, anayewasimamia na kuwalipa kwa gunia msimu mzima, jina la kikundi halibadilishi kitu. Marobota yakimwangukia mmoja wao, swali la kwanza litakuwa kama chama kimesajiliwa katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Mwaka 2022 Mkutano wa Geneva uliongeza usalama na afya kazini katika orodha ya haki za msingi za kazi. Hesabuni basi ni wapakiaji wangapi katika chama chenu waliopewa hata kitambaa cha kuzuia vumbi la pamba.

Kwa makisio ya msimu ujao, kila katibu aandae kifungu cha mishahara kinachotaja kila mfanyakazi, saa zake na michango yake ya hifadhi ya jamii, akiangalia Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara inayotumika sasa. Hati ya masharti ya kazi iandikwe nakala mbili, zisainiwe. Ya chama itunzwe hadi miaka 5 baada ya mfanyakazi kuondoka. Kifungu hicho kisomwe kwa sauti mbele ya Mkutano Mkuu, na wanachama waulize.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Chama chetu kina wafanyakazi wangapi, wakiwamo wale wa msimu? Wangapi kati yao wana hati iliyosainiwa?

2. Mwanachama asema: "Tukilipa walinzi wawili, bei ya mkulima itashuka." Pigeni hesabu ya mshahara wa mlinzi wa pili kwa kilo ya pamba iliyouzwa na chama msimu uliopita, kisha mjibuni kwa tarakimu.

3. Mzee mmoja ana ekari 6 za pamba, na vibarua ni haba. Jirani yake ampa binti wa miaka 13 amsaidie kuchuma kwa malipo hadi mavuno yaishe. Mzee afanye nini, na chama kimsaidieje kupata watu wazima?