Peke Yako Mlimani: Maswali na Majibu kuhusu Safari ya Gari na Hema

Aberdare, Mlima Kenya na Elgon ni hifadhi tatu za taifa nchini Kenya ambazo msafiri mwenye gari na hema anaweza kuziunganisha katika safari moja. Wengi huzizuru kwa makundi, ila idadi ya wanaotaka kwenda peke yao si ndogo. Anayekwenda hivyo hana wa kusukuma gari, hana wa kupokezana naye usukani, na hana wa kumwambia, "Wewe unaumwa, tushuke." Majibu haya yanahusu namna ya kuziba pengo la huyo mtu wa pili kabla hujaondoka nyumbani.

Swali: Nianzie wapi, na miezi gani inafaa?

Jibu: Januari na Februari ndiyo miezi mizuri zaidi, kisha Juni hadi Septemba, ingawa Julai huleta ukungu na baridi kali. Masika ya Machi hadi Mei yaache kabisa, kwa kuwa baadhi ya barabara za Aberdare hufungwa kwa matope. Mvua za Oktoba hadi Desemba nazo hazitabiriki.

Lala Naivasha usiku wa kwanza. Asubuhi panda kupitia North Kinangop hadi lango la Mutubio, uingie Aberdare kwa upande wa magharibi. Huko juu, zaidi ya mita 3,000, msitu unakwisha na nyasi ndefu zinaanza, na ndiko yaliko maporomoko ya Karuru yanayoanguka mita 273 kwa ngazi tatu. Ukimaliza, shuka upande wa Nyeri, pita Naro Moru na Nanyuki, ufike lango la Sirimon la Mlima Kenya. Elgon iache mwisho. Kutoka Nanyuki utapita Nyahururu, Nakuru na Eldoret kabla ya Kitale, na safari hiyo igawe siku mbili kwa sababu dereva ni mmoja. Kutoka Kitale unapita Endebess hadi lango la Chorlim.

Ada za kuingia na za kambi hulipwa kwa njia ya mtandao. Zilipe ukiwa mjini na uhifadhi risiti kwenye simu, maana langoni fedha taslimu hazipokelewi na mtandao unaweza kukosekana.

Swali: Gari langu dogo halivuti kwa magurudumu yote manne. Litafika?

Jibu: Kwenye lami litafika. Ndani ya Aberdare, hapana. Miteremko ni mikali, na mvua ya saa moja tu huigeuza barabara kuwa utelezi. Azima au kodi gari lililoinuka, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Tarajia pia kwamba injini ya petroli isiyo na turbo itapoteza robo hivi ya nguvu zake kwenye mwinuko wa mita 3,000, kwa sababu hewa ni nyepesi.

Beba koleo, mbao mbili za kuweka chini ya tairi, kamba ya kuvutia, jeki na ubao wa kuikalisha jeki kwenye matope, tairi la akiba uliloliangalia wewe mwenyewe, na pampu. Ukikwama, punguza upepo wa matairi hadi karibu psi 20, chimba mbele ya magurudumu, weka mbao, kisha ondoka taratibu. Ukitoka, jaza upepo tena. Unaposhuka mlima tumia gia ya kwanza au ya pili, breki zisije zikaungua. Na kanuni ya msafiri wa peke yake ni hii: mteremko usioweza kuupanda, usiushuke.

Swali: Mimi ni mtu wa Mombasa. Nitajuaje kama mwinuko umenidhuru?

Jibu: Dalili huanza kuonekana kwa baadhi ya watu juu ya mita 2,500: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kukosa usingizi. Kwa hiyo usitoke pwani ukalale Aberdare siku inayofuata. Lala Nairobi, kisha Naivasha, kunywa maji ya kutosha, na pombe iache.

Kila jioni jipime. Tembea kwa mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Ukiyumba, au ukihema ukiwa umekaa tu, hali ni ya hatari na unatakiwa kushuka mara moja. Hapa ndipo upweke unapokuwa mtihani, kwa kuwa mtu anayeyumba hafai kushika usukani. Mwenye mwenzake hupelekwa. Wewe itakubidi uwaite askari wa hifadhi. Ndiyo maana uamuzi wa kushuka ufanye mapema, kichwa kinapoanza kuuma na jua lingalipo, wala usingoje kuona kutakuchaje.

Swali: Nipike nini? Maharagwe yangu hayakuiva.

Jibu: Wala yasingeiva. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 Mombasa huchemka kwa nyuzi 90 hivi kwenye mita 3,000. Yanatokota vizuri machoni, lakini joto lake ni dogo, na maharagwe yatakumalizia gesi bure. Pika githeri nyumbani, ipoe, ibebe kwenye chombo kilichofungwa, huko uipashe tu. Chapati, mayai ya kuchemsha, njugu, ndizi na unga wa uji vinatosha kwa siku kadhaa. Wali unawezekana ukifunika sufuria vizuri na kuupa muda.

Mtungi mdogo wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake, ule tunaouita meko, unafaa kwa safari ya gari. Usitegemee kuni, kwani kuokota kuni hifadhini hakuruhusiwi bila idhini, na moto huwashwa mahali palipotengwa tu. Machi 2012 moto uliteketeza eneo kubwa la Mlima Kenya, na nyasi za kiangazi zingali zilezile.

Swali: Baridi ya usiku je? Naweza kuingiza jiko la makaa hemani?

Jibu: Kamwe. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu akiwa usingizini. Hata jiko lililobakiwa na majivu ya moto libaki nje. Jiko la gesi nalo lisiwashwe ndani.

Joto hupungua kwa takribani nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100, na usiku usio na mawingu nyasi za Aberdare huamka na jalidi. Baridi inayokutesa zaidi inatoka chini, si juu. Tandika godoro la sponji au mikeka miwili kabla ya kuongeza blanketi. Vaa soksi kavu, kofia ya sufu, na uache tundu la hewa la hema wazi kidogo ili unyevu wa pumzi utoke.

Swali: Nikisikia tembo nje usiku, nifanye nini?

Jibu: Kaa kimya, usimmulike, usitoke. Tembo huwa anapita. Wa kuogopa zaidi ni nyati aliyelala kichakani karibu na njia ya choo, kwa hiyo maliza haja kabla ya giza na uwe na chombo ndani. Piga hema karibu na mlango wa dereva, gari likielekea njia ya kutokea. Chakula chote, pamoja na dawa ya meno, kifungie garini, maana nyani na kima hawana haya. Kabla ya kutandika, kagua ardhi kama kuna njia ya siafu.

Swali: Mimi ni mwanamke, na mama hataki kusikia habari hii. Nimwambie nini?

Jibu: Dada yangu, mwambie ukweli: ndani ya hifadhi jina lako na namba ya gari huandikwa langoni, na kambi unaweza kuichagua iliyo karibu na kituo cha askari. Tahadhari zaidi ni ya barabarani. Fika kambini kabla ya saa kumi jioni, usimtangazie mtu njiani kwamba uko peke yako, na unapofika wasalimu askari vizuri, uulize majina yao na zamu ya usiku ni ya nani. Wakishakufahamu, watakujulia hali.

Swali: Nikiwa huko, naweza kupanda hadi kilele cha Lenana cha Mlima Kenya peke yangu? Na pango la Kitum?

Jibu: Lenana, mita 4,985, haipandwi peke yako, kanuni za hifadhi zinataka uwe na mwongozaji. Vivyo hivyo kwa matembezi ya miguu Aberdare, omba askari akusindikize.

Kitum, huko Elgon, ni pango ambalo tembo huingia gizani kukwangua chumvi ukutani kwa pembe zao. Linavutia, lakini usiingie peke yako. Wagonjwa wawili wa virusi vya Marburg, wa mwaka 1980 na 1987, walikuwa wamelizuru kabla ya kuugua, na popo ndio wanaoshukiwa. Msikilize askari, usiguse kinyesi cha popo, na kulitazama ukiwa mdomoni mwake kunatosha.

Swali: Nyumbani watajuaje kwamba niko salama, na huko hakuna mtandao?

Jibu: Waachie karatasi. Iandike kambi ya kila usiku, lango la kuingilia na la kutokea, namba ya gari, na namba ya simu ya hifadhi. Kisha chagua mtu mmoja tu, mtulivu, na mkubaliane saa ya mwisho ya kukungoja katika kila hatua. Usipopiga simu kufikia saa hiyo, asianze kuwapigia jamaa, aipigie hifadhi. Na wewe ukibadili njia, rudi kwanza penye mtandao umwarifu. Bila hivyo watakutafuta Sirimon, kumbe uko Chorlim.