Kutafuta habari za usafiri: kwanza majina

Katika Kitivo chetu wanafunzi wanaochagua kuandika juu ya usafiri ni wachache, na sababu wanayoitoa ni ileile kila mwaka: hakuna vitabu. Mtu anataka kuchunguza msamiati wa wafanyakazi wa reli ya Katanga, au lugha ya matolekisti wa Kisangani na baiskeli zao. Anaingia maktaba, hapati kitu, na baada ya wiki mbili anarudi kwenye mada ya methali. Sina ugomvi na methali. Ila hoja ya "hakuna vitabu" siikubali. Hati juu ya usafiri wa nchi yetu ni nyingi, zimewekwa wazi kwenye intaneti, na gharama yake ni megabaiti tu. Kinachokosekana ni majina ya kuzitafutia, na hapo mwanafunzi wa lugha anapaswa kumshinda mhandisi.

Nianze na miji. Mwaka 1966 Léopoldville ikawa Kinshasa, Elisabethville ikawa Lubumbashi, Stanleyville ikawa Kisangani. Hati ya kabla ya hapo haijui jina la leo. Reli ya kutoka Bukama hadi Ilebo ilimalizika mwaka 1928. Anayeandika "Ilebo" kwenye kisanduku cha kutafutia atakosa sehemu kubwa ya yale yaliyoandikwa zama za ujenzi wake, kwa kuwa bandari hiyo iliitwa Port-Francqui. Kalemie ilikuwa Albertville, Ubundu ilikuwa Ponthierville. Mto wenyewe uliitwa Zaïre kuanzia 1971 hadi 1997. Tena Wabelgiji wana Kiflemi chao, ambamo Elisabethville ni Elisabethstad na Stanleyville ni Stanleystad. Makampuni nayo yalibadili nguo: BCK ikawa KDL, kisha SNCZ, kisha SNCC, Otraco ikawa Onatra, na leo ni SCTP.

Kwa hiyo kabla ya kufungua katalogi yoyote mimi huchukua karatasi na kuigawa safu tano: jina la leo, jina la kale, Kifaransa, Kiflemi, Kiingereza. Safu ya Kiingereza isidharauliwe. Reli iliyofika Elisabethville mwaka 1910 ilitoka kusini, upande wa Rhodesia, na sehemu ya habari zake imelala katika hati za Waingereza.

Vitu vina shida kuliko miji. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya Goma inayobeba makaa na viazi, nimeiona ikiandikwa chukudu, tshukudu, chikudu na tshikudu. Kila mwandishi ameandika kwa sikio lake, na mashine haina sikio: inaleta herufi ulizoipa. Hali ni hiyohiyo kwa aina nzima za usafiri. Taksi-moto na mabasi madogo ya mjini, watafiti wa Kifaransa huyaweka chini ya jina "transport artisanal". Wa Kiingereza husema "paratransit" au "informal transport". Maneno haya hayabuniwi mezani. Tafuta makala moja nzuri, soma maneno makuu yaliyoorodheshwa chini ya muhtasari wake, yaingize katika karatasi yako. Makala hiyo moja itakufungulia nyingine.

Sasa mahali pa kutafuta. Katalogi kubwa kuliko zote katika fani hii ni TRID. Ndani yake zimeunganishwa katalogi ya Transportation Research Board ya Marekani na ile ya nchi za OECD, na rekodi zake zinapita milioni moja. Kuitumia ni bure. Lakini katalogi si maktaba: inakuhakikishia kwamba makala ipo, na mara nyingi haikupi makala yenyewe. Wengi hukatia tamaa hapo. Chukua jina la mwandishi na kichwa cha makala, uvipeleke HAL, hifadhi ya wazi ya Ufaransa iliyoanza mwaka 2001, ambako watafiti huweka wenyewe nakala za kazi zao. Ukikosa, mwandikie mwandishi. Kuomba makala kwa barua pepe si aibu, na mwandishi anayesomwa hufurahi.

Ripoti za leo juu ya barabara na reli za Afrika ziko kwa SSATP, mpango wa sera za usafiri ulioanza mwaka 1987, na katika hazina ya wazi ya Benki ya Dunia, iliyofunguliwa 2012. Nyingi zina toleo la Kifaransa. Mimi huzisoma kwa ajili ya takwimu na fasili. Sauti ya abiria usiitarajie humo. Kwa zama za ukoloni, Akademia ya Kifalme ya Sayansi za Ng'ambo, mjini Brussels, imeweka wazi tasnifu zake na kamusi ya wasifu wa Wabelgiji waliofanya kazi Kongo. Humo mhandisi ana jina, cheo na tarehe ya kuzaliwa. Mtu aliyebeba mataruma ya reli begani ni nadra kupewa jina.

Sauti yake tuitafute kwingine. Johannes Fabian na Vincent de Rooij, wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, walianzisha hifadhi ya maandishi na mazungumzo ya Kiswahili cha Katanga, wazi kwa wote. Humo mna "Vocabulaire" ya mji wa Elisabethville, historia iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Tahajia yake haifuati kamusi: maneno yameunganishwa na kukatwa kadiri yalivyosikika, hivyo kutafuta neno kwa mashine hakusaidii. Soma kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, na maana itajitokeza yenyewe.

Lakini msamiati wa manahodha wa mashua za mbao, wa mafundi wa chukudu, wa makondakta wa leo, haumo katika hifadhi yoyote niliyotaja. Nairobi walionyesha njia: wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu, wakarekodi njia zaidi ya 130 pamoja na vituo vyake, na ramani ikatolewa mwaka 2014, data ikiwa wazi. Sisi tuna OpenStreetMap, ambayo tangu 2004 inamruhusu yeyote kuongeza kituo, na ina nafasi ya jina la kale na ya jina lingine la mahali palepale.

Orodha za maneno na sauti mlizorekodi, ambazo sasa hubaki katika nakala mbili za tasnifu zikisubiri mchwa, zinaweza kuwekwa Zenodo, hifadhi inayoendeshwa na CERN bila malipo, nayo hutoa kitambulisho cha kudumu. Muombe msemaji ruhusa kwanza, na umfiche jina akitaka. Kisha katika maelezo ya faili andikeni tahajia zote nne za chukudu.