Wiki Moja Barbados: Siku Moja, Jambo Moja

Barbados ina urefu wa kilomita 34 na upana wa kilomita 23 tu. Udogo huo ndio unaowaponza wanandoa wengi. Wanaitazama kwenye ramani, wanaona kila kitu kiko karibu, wanazijaza siku saba mpaka pomoni, na ikifika Jumatano mmoja amenuna na mwingine amebabuka kwa jua. Mtaka yote hukosa yote. Mbinu inayofaa kisiwani hapa ni fupi: kila siku pangeni jambo moja, mlimalize kabla ya jua la mchana kuwaka, na alasiri muiache bila ratiba. Haya hapa ni maelekezo ya kuipanga wiki kwa kanuni hiyo, kuanzia tarehe ya safari hadi suala la nani ashike pesa.

Chagueni tarehe kwanza, hoteli baadaye

Miezi ya ukavu ni Desemba hadi Mei. Kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Aprili, Waingereza, Wakanada na Wamarekani humiminika kukimbia baridi ya kwao, na bei za vyumba hupanda kuliko wakati mwingine wowote. Msimu wa vimbunga huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na hatari huwa kubwa zaidi kati ya Agosti na Oktoba. Barbados imejitenga mashariki mwa safu ya visiwa jirani, kwa hiyo vimbunga vingi huikosa, lakini hiyo si kinga. Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita kusini mwa kisiwa, na mawimbi yake yakavunja boti nyingi za wavuvi.

Kwa wanandoa wanaobana matumizi, wiki za mwisho wa Aprili na mwezi wa Mei ndizo za kulenga: mvua bado ni chache na bei zimeshalegea. Mnaopenda ngoma na maandamano ya mavazi ya rangi, tafuteni Crop Over, sherehe iliyozaliwa na mavuno ya miwa. Kilele chake ni Jumatatu ya kwanza ya Agosti, na vyumba hukodiwa miezi mingi kabla.

Makaratasi: tazameni njia mnayopitia

Wenye pasipoti za Kenya na Tanzania huingia Barbados kwa ziara fupi bila viza. Kinachowakwamisha wengi ni njia. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki. Tiketi nyingi hupitia London, Marekani au Kanada, na huko mtu anaweza kudaiwa viza hata kama anabadilisha ndege tu. Marekani hudai viza ya kupita hata asiyetoka nje ya uwanja. Kabla ya kulipia tiketi, ulizeni ubalozi wa nchi ya kati pamoja na shirika la ndege, kisha mlinganishe: tiketi rahisi yenye viza ya kupita huweza kuwa ghali kuliko ile iliyoonekana ya juu. Mnaoishi London au Toronto mna nafuu, kwani kutoka huko zipo ndege za moja kwa moja.

Bebeni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana anayetoka nchi yenye ugonjwa huo huulizwa. Fomu ya uhamiaji na forodha hujazwa mtandaoni kabla ya kufika. Umeme ni volti 115, na soketi ni za pini bapa kama za Marekani. Chaja za simu hazina shida mkiwa na adapta, lakini pasi na mashine ya kukausha nywele ziacheni nyumbani.

Kaeni mahali pamoja

Kisiwa hiki kina bahari mbili. Upepo huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima. Hakuna zamu za kaskazi na kusi kama kwetu. Kwa hiyo pwani ya mashariki, inayotazama Atlantiki, hupigwa na mawimbi makubwa bila kupumzika, na pwani ya magharibi imekingwa na maji yake hutulia.

Magharibi, kandokando ya Holetown, ndiko kwenye hoteli za kifahari. Kusini, kutoka Hastings hadi Worthing na St. Lawrence Gap, kuna nyumba ndogo za kupanga zenye jiko, migahawa ya kila bei na mabasi yanayopita kila mara. Kwa wiki moja, kusini panawafaa wengi. Msigawanye wiki kati ya hoteli mbili. Kila kuhama hula nusu siku. Jambo moja tu la kuangalia ni mwani wa kahawia uitwao sagasamu. Tangu 2011 umekuwa ukisukumwa ufukweni kwa wingi katika baadhi ya miezi, hasa mashariki na kusini. Mkisikia umetanda, nendeni magharibi kuogelea.

Pesa na usafiri

Dola 2 za Barbados ni sawa na dola 1 ya Marekani, na kiwango hicho hakijabadilika tangu 1975. Dola zote mbili hupokelewa, na hapo ndipo penye mtego: bei ikitajwa, ulizeni ni dola ipi kabla ya kukubali. Kwenye migahawa, angalieni chini ya bili kama asilimia 10 ya huduma imeshaongezwa, msije mkatoa bakshishi mara mbili.

Teksi hazina mita. Kubalianeni bei kabla ya kufunga mlango. Kwa safari za kawaida tumieni mabasi: ya serikali ni ya buluu, mabasi madogo ya binafsi ni ya njano, na vipo vigari vyeupe vyenye mstari mwekundu wa damu ya mzee vinavyoitwa ZR. Hivyo vya mwisho, aliyezoea matatu au daladala atajihisi nyumbani, muziki na kubanana vikiwemo. Nauli ni dola 3.50 za kisiwani. Kwenye mabasi ya serikali shikeni kiasi kamili, kwa sababu hakuna chenji. Vituo vimeandikwa "To City" kwa magari yanayoingia Bridgetown na "Out of City" kwa yanayotoka humo. Mkisimama upande usio wenu mtazunguka bure.

Gari la kukodi chukueni kwa siku moja tu. Magari hushika kushoto kama kwetu, na kampuni ya kukodisha huwapatia kibali cha udereva cha mgeni. Barabara za ndani ni nyembamba na mashamba ya miwa huziba kona, hivyo msipange kurudi usiku.

Wiki yenyewe

Tuseme mmefika Jumamosi jioni. Anayetoka Afrika Mashariki amerudi nyuma saa saba, na mwili utamwamsha saa tisa au saa kumi za usiku. Msipambane nao. Siku mbili za kwanza, kukipambazuka nendeni baharini, wakati maji yametulia na jua halijachoma.

*Jumapili: hakuna ratiba.* Ogeleeni karibu na mnapolala, nunueni chakula cha wiki, laleni mapema.

*Jumatatu: Bridgetown na Garrison.* Mji wa kale na kambi ya zamani ya jeshi la Uingereza viliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011. Anzeni na makumbusho ya taifa, yaliyomo ndani ya lililokuwa gereza la kijeshi. Sukari ya kisiwa hiki ilizalishwa na Waafrika waliofanywa watumwa, na bila kulijua hilo mtayaona majumba mazuri tu msijue nani aliyalipia. Waulizeni wahudumu kuhusu Newton, makaburi ya watumwa yaliyo kusini, kama yanatembelewa siku hiyo. Katika mzunguko wa barabara kuu mtaona sanamu ya mwaka 1985 ya mtu aliyekata minyororo. Wenyeji huiita Bussa, kwa jina la kiongozi wa uasi wa 1816.

*Jumanne: Carlisle Bay.* Ghuba hii iko jirani na Bridgetown. Ina kasa, na meli zilizozama zimelala kwenye kina kidogo. Asiyejua kuogelea vizuri avae jaketi la kuelea na asione haya. Kasa msiwaguse wala msiwalishe.

*Jumatano: Bathsheba.* Pandeni basi asubuhi hadi pwani ya mashariki. Hapa hamji kuogelea. Mkondo ni mkali, na wanaoingia ni wenye mbao za kuteleza juu ya mawimbi. Kaeni kwenye vidimbwi kati ya miamba maji yakiwa yametoka, kisha mtembelee bustani ya mimea ya Andromeda iliyo hapo jirani.

*Alhamisi: siku ya gari.* Pandeni kaskazini hadi St. Nicholas Abbey, jumba la shamba la miwa la karne ya 17, mpite Cherry Tree Hill kutazama pwani yote ya mashariki kwa chini, mmalizie Speightstown. Mvua ikinyesha, badilisheni na pango la Harrison, ambalo huingiwa kwa kigari.

*Ijumaa: asubuhi kila mtu na yake, jioni Oistins.* Soko hili la wavuvi hugeuka jiko kubwa usiku wa Ijumaa. Fikeni kabla ya saa moja, maana baadaye foleni huwa ndefu. Mkiona "dolphin" kwenye ubao wa vyakula msishtuke: ni falusi, si pomboo. Jodari na nduaro wapo pia.

*Jumamosi: safari ya kurudi.*

Katikati ya wiki msikose cou-cou, chakula cha taifa: ni ugali laini wa mahindi uliosongwa pamoja na bamia, ukiliwa na samaki warukao. Shelisheli ya kuchoma nayo ipo kila mahali. Wasiokula nguruwe waulize kabla ya kuagiza. Mlo wa Jumamosi uitwao pudding and souse ni wa nguruwe. Maji ya bomba ni salama, kwa hiyo chupa za dukani hazina ulazima.

Mambo ya kujihadhari nayo

Ufukweni kuna mti uitwao manchineel, wenye matunda ya kijani yanayofanana na tufaha dogo. Utomvu wake huunguza ngozi na tunda lake ni sumu. Mingi imepakwa duara la rangi nyekundu shinani. Msijikinge mvua chini yake. Malaria hakuna, lakini mbu wa dengi wapo. Hao huuma mchana, kwa hiyo pakeni dawa tangu asubuhi. Nguo za madoadoa ya kijeshi ni marufuku kwa raia, hata mtoto, kwa hiyo zisiingie kwenye sanduku. Nguo za kuogelea huishia ufukweni. Kuingia nazo dukani au benki ni utovu wa adabu.

Na salamu kwanza. Mbarbados humsalimu muuza duka kabla ya kuuliza bei, na huwasalimu abiria anapoingia kwenye gari. Kwa hili, aliyelelewa pwani yetu hahitaji kufundishwa.

Makubaliano kabla ya kulipa chochote

Kaeni chini jioni moja, kila mmoja aandike mambo mawili anayoyataka kweli na moja asilolitaka kabisa, bila kuchungulia ya mwenzake. Mambo manne yaliyoandikwa yapewe siku zake kwanza, yaliyobaki yasubiri. Wekeni pesa za matumizi kwenye mfuko mmoja, mzigawanye kwa siku saba, na ashike mmoja. Siku ya nne mbadilishane. Kila mtu abaki na kiasi chake kidogo kisichoulizwa, cha vitabu, kinyozi au zawadi za mama mkwe.

Jambo la mwisho ni zile alasiri zilizoachwa wazi. Mtashawishika kuzijaza siku ya tatu, mkishapata nguvu. Msikubali. Kama kuna mahali hamkufika, paandikeni pembeni, mlale.