Somo: Nchi ya Tanga, Milima na Pwani Yake

Sisi tukaao Temeke na Kinondoni twala kila siku mavuno ya nchi ambayo wengi wetu hatujaiona. Kabichi na karoti nyingi za soko la Temeke Stereo na la Tandale zimetoka Lushoto, na machungwa yametoka Muheza. Sehemu hizo zote mbili zimo katika Mkoa wa Tanga, ambao zamani uliitwa Jimbo la Tanga. Basi na tuitazame nchi hiyo na watu wake, tupate kujua ni kwa taabu gani chakula chetu hupatikana.

1. Nchi yenyewe

Mkoa wa Tanga una kilomita za mraba karibu 27,000, na hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha watu zaidi ya milioni 2.6. Mashariki ni Bahari ya Hindi, na kaskazini ni nchi ya Kenya. Mtu akitoka mjini Tanga kwenda magharibi hupita minazi, kisha mashamba ya mkonge, na baada ya hayo huiona milima ya Usambara imesimama mbele yake kama ukuta. Milima hiyo ni mafungu mawili, ya Mashariki na ya Magharibi, na katikati ni bonde la mto Luengera. Vilele vya Usambara ya Magharibi hupita mita 2,200.

Upepo wa bahari huja umechukua unyevu. Ukikuta milima hupanda, hupoa, na unyevu ule hushuka kuwa mvua. Misitu huipokea mvua hiyo na kuitoa polepole katika chemchemi. Mto Zigi hutoka katika misitu ya Amani, na mji wa Tanga hunywa maji yake. Mto Pangani hutoka mbali, Kilimanjaro na Meru, walakini hupokea vijito vya Usambara kabla ya kufika baharini, na maji yake huendesha mitambo ya umeme ya Hale na ya Pangani. Basi bahari huupa mlima mvua, na mlima huirudishia pwani mito. Msitu ukikatwa juu, aliye chini ndiye aonaye kiu.

2. Watu wake

Pwani ya kaskazini wakaa Wadigo na Wasegeju. Katika vilima vya Muheza wako Wabondei. Handeni na kando ya Pangani ya chini wako Wazigua. Na milimani Washambaa. Lugha za Wabondei, Wazigua na Washambaa ni ndugu, na wenyewe husikilizana. Katika Usambara ya Magharibi wako pia Wambugu, wafugaji wa asili, ambao baadhi yao wana lugha ya ajabu: mpangilio wa maneno yake ni wa Kibantu, bali maneno mengi asili yake ni ya Wakushi.

Washambaa wa kale walitenga nchi ya mlimani, ambayo ni ya migomba, na nyika iliyo chini, yenye joto. Vijiji vingi vilijengwa karibu na ukingo wa milima, ili watu walime huku na huku. Mazao ya upande mmoja yakikosa, ya upande wa pili yapone. Hii ilikuwa hekima kubwa.

Masimulizi yasema kwamba mfalme wao wa kwanza, Mbegha, alikuwa mwindaji kutoka nchi ya Nguu. Aliua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakamtawaza. Makao ya ukoo wake, Wakilindi, yalikuwa Vuga. Habari zao ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, katika kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi. Kazi ya mfalme ilikuwa kuiponya nchi, ambayo kwa Kishambaa huitwa kuzifya shi, yaani kuleta mvua, shibe na amani. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, jamaa zake walipigana, na wengi walikamatwa wakauzwa utumwani. Ndipo watu walipoona kwamba mtawala aweza pia kuiharibu nchi.

3. Wageni waliofika

Johann Ludwig Krapf alimwendea Kimweri huko Vuga mwaka 1848. Mwaka 1891 wamisionari wa Kilutheri walianza kazi Mlalo. Ni shirika lile lile lililokuwa limeanza Dar es Salaam mwaka 1887, kwa hiyo sharika zetu na za Usambara ni watoto wa nyumba moja. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge. Iliyopona ilikuwa 62 tu, nayo ikazaa mashamba makubwa yaliyoita vibarua kutoka mbali. Mwaka huo huo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga.

4. Habari ya matuta

Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianza mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo katika bonde la Mlalo, kisha ikaueneza Usambara. Watu waliamriwa kupiga matuta kwenye miteremko mikali. Kusudi lilikuwa jema, kwa maana udongo ulikuwa ukichukuliwa na mvua. Lakini kazi ya jembe ilikuwa nzito, mashamba yalikuwa madogo, na wenye nchi hawakuulizwa shauri. Wakakataa, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Wale waliokuwa na neno la kale la kuiponya nchi hawakuona uponyaji katika amri ile.

5. Jambo lililo mbele yetu

Kijana mmoja auzaye mboga karibu nasi aliniambia, "Mchungaji, babu aliwagawia wanawe shamba, baba naye akatugawia sisi. Fungu langu halitoshi nyumba na mgomba." Nikamwuliza kama angependa kurudi. Akajibu, "Nirudi wapi, Baba? Nisipokata msitu, sina pa kulima. Nikiukata, mama yangu hana maji."

Sikuwa na jibu jepesi. Tangu 1997 misitu ya Amani imehifadhiwa kwa sheria, na hilo ni jema. Lakini sheria peke yake haimlishi mtu asiye na shamba. Habari ya matuta yatufundisha kwamba udongo na msitu havitunzwi vema bila kumsikiliza ashikaye jembe. Nasi tununuao kabichi yake tusimpunje bei, maana anayelipwa vema aweza kupanda miti na kungoja ikue.

Maswali ya kujifunza

1. Mvua ya Usambara hutoka wapi, na maji yake huenda wapi?
2. Kwa nini Washambaa wa kale walijenga ukingoni mwa milima?
3. Mpango wa matuta ulikuwa na kusudi jema. Kwa nini ulishindwa?
4. Kama ungekuwa yule kijana, ungefanya nini? Nasi tu wajibu gani kwake?