Diski Moja, Hukumu Nne: Kupima Tiba ya Mgongo kwa Mizani ya Fiqhi

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe wote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Mwanafunzi akiugua malaria hapa chuoni hakuna mjadala: atapimwa, atameza dawa, atarudi darasani. Akiumwa mgongo, kila mtu ni daktari. Wa kwanza atamwambia asubiri, kwani ni mtihani kutoka kwa Mola wake. Wa pili atamwambia apige hijama tu, kwani ni Sunna. Wa tatu atampa namba ya simu ya mkandaji. Wa nne atamwambia akimbilie kupasuliwa kabla hajapooza. Nimeyasikia yote manne katika wiki kumi na moja hizi, tangu diski ya kiunoni iliponibana neva ya mguu wa kushoto. Kila aliyeniambia alinitakia heri, na karibu kila mmoja alikuwa na dalili mkononi, ama ya dini ama ya hospitali.

Ninachotaka tujifunze pamoja ni hiki: fiqhi haituambii "tibiwa" kwa kila hali, wala "subiri" kwa kila hali. Imetupa mizani. Na diski moja, katika mwili wa mtu mmoja, inaweza kupita katika hukumu zaidi ya moja kadiri hali yake inavyobadilika.

Diski ni nini?

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zilizopangana, na kati ya pingili na pingili kuna diski, mfano wa kijimto kinachopunguza mshindo tunapotembea, tunapoinama na tunaporuka matuta kwenye boda. Nje ya diski kuna duara gumu la nyuzinyuzi. Ndani yake kuna ute mzito. Duara lile likichanika, ute husukumwa nje. Watu husema "diski imehama", lakini diski haiondoki mahali pake. Kilichotokea ni kwamba sehemu yake imechomoza.

Kiunoni tuna pingili tano, na mara nyingi tatizo hutokea kwenye diski mbili za chini kabisa. Ute ukigusa neva inayoshuka mguuni, maumivu huanzia kiunoni au kwenye tako, hupita nyuma ya paja na kufika hadi wayo. Madaktari huyaita siatika. Baadhi ya wagonjwa mgongo wenyewe hauumi sana. Mguu ndio unaowaka moto, au vidole vinakufa ganzi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mwili una uwezo wa kuufyonza ute uliotoka, na hata vipande vikubwa huweza kunywea vyenyewe. Ndiyo maana wagonjwa walio wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu bila kisu.

Maradhi ya zamani

Waarabu waliyajua maradhi haya kwa jina la 'irqun-nasaa. Aya ya 93 ya Sura Aal Imran inataja chakula ambacho Israil, yaani Nabii Ya'qub (a.s.), alijizuilia mwenyewe. Wafasiri, wakipokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), wanaeleza kwamba aliugua maradhi haya haya, akaacha nyama na maziwa ya ngamia. Basi tusimtazame kijana anayechechemea kana kwamba imani yake imechechemea. Mtume wa Allah aliumwa mguu kabla yake.

Katika Sunan Ibn Majah kuna hadithi ya Anas bin Malik (r.a.) inayotaja dawa ya 'irqun-nasaa: mafuta ya mkia wa kondoo wa mabedui, yayeyushwe, yagawanywe mafungu matatu, na kila siku linywewe fungu moja kabla ya kula. Mtu akiisoma hadithi hii peke yake anaweza kuondoka kwenda kutafuta kondoo. Lakini Ibn al-Qayyim, alipoieleza katika Zad al-Ma'ad, alisema kwamba maneno ya Mtume (s.a.w.) huwa ya watu wote au huwa ya watu maalumu, na kwamba tiba hii iliwahusu Waarabu wa Hijazi na wanaofanana nao, kwa hali ya miili yao na ardhi yao. Mwanachuoni huyo hakuikataa hadithi. Aliuliza inamhusu nani. Swali hilo hilo tunatakiwa kuliuliza mbele ya kila tiba, iwe ya kitabuni au ya hospitalini: je, inamfaa mgonjwa huyu, kwa hali hii?

Hukumu nne za kutibiwa

Mwaka 1992 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha saba huko Jeddah, lilitoa azimio namba 67 kuhusu matibabu. Lilisema asili ya kutibiwa ni jambo lililowekwa na sheria, kisha likapambanua hukumu kwa kutazama hali na watu. Ni wajibu ikiwa kuacha tiba kutapelekea kupoteza nafsi, kiungo au uwezo wa mwili, au ikiwa maradhi yanawadhuru wengine. Ni sunna ikiwa kuacha kutaudhoofisha mwili bila kufikia hapo. Ni mubaha kama si katika hali hizo mbili. Na ni makuruhu ikiwa tiba yenyewe inahofiwa kuleta madhara makubwa kuliko ugonjwa unaotibiwa. Tuzishushe hukumu hizi juu ya diski.

*Wajibu.* Zipo dalili ambazo mtu akiziona hatakiwi kungoja asubuhi: kushindwa kukojoa au mkojo kutoka bila habari, kushindwa kuzuia haja kubwa, ganzi kwenye sehemu za siri na mapaja ya ndani, au miguu yote miwili kupoteza nguvu. Hizi huonesha kuwa fungu zima la neva za chini limebanwa, na saa chache zinaweza kuamua kama mtu atabaki na ulemavu maisha yake yote. Wayo unaozidi kulegea siku hadi siku, hata hauinuki, nao ni wa kuharakishia kwa daktari. Hapa anayesema "nimetawakali" huku amelala hosteli hajaielewa tawakali. Wala hapa si mahali pa istikhara, kwa sababu istikhara haiswaliwi kuuliza kama wajibu utekelezwe.

*Sunna.* Hali ya wengi ni maumivu makali yasiyo na dalili za hatari. Kinachopendekezwa hapo hakina fahari yoyote. Usilale kitandani wiki nzima, maana siku moja au mbili za mapumziko zinatosha; kisha tembea kidogo kidogo, badilisha mkao, usiinue dumu la maji kwa kuinama kiuno. Mtaalamu wa fiziotherapia atakuchagulia mazoezi kwa kutazama maumivu yanavyokwenda: yakipanda kutoka wayo kurudi kiunoni, hata kama kiuno kinauma, mara nyingi ni dalili njema. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki husaidia kwa muda mfupi, lakini zikiendelea huweza kudhuru tumbo na figo, kwa hiyo zisinunuliwe dukani kila wiki kama peremende. Dada asiyepata tabibu wa kike asiache tiba. Dharura inaruhusu, na hupimwa kwa kiasi chake.

*Mubaha.* Hapa ndipo penye mtihani wa kweli, na ndipo nilipo mimi. Wiki zimepita, maumivu hayajaisha, hatari haipo, na daktari anasema upasuaji unawezekana. Mwaka 2007 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa 283 waliokuwa wameteseka kwa siatika kali kwa wiki 6 hadi 12. Kundi moja lilipangiwa upasuaji wa mapema. Jingine liliendelea na matibabu ya kawaida na kupasuliwa baadaye endapo ingehitajika. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Lakini mwaka ulipotimia, 95% ya wagonjwa katika kila kundi walijiona wamepona. Tusisome nusu ya habari, hata hivyo: katika kundi la kusubiri, 39% waliishia kupasuliwa. Maana yake ni kwamba wengi wana hiari. Wanaweza kununua haraka kwa kisu, au kununua uwezekano wa kuepuka kisu kwa wiki kadhaa za maumivu. Hakuna kati yao aliye dhaifu wa imani.

*Makuruhu, na zaidi.* Mkandaji anayekanyaga mgongo au kuuvuta kwa nguvu bila kujua neva imebanwa wapi anaweza kugeuza maumivu kuwa ulemavu. Imepokewa katika Sunan Abu Dawud kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kuwa na elimu hiyo anabeba dhamana ya madhara. Upasuaji wa haraka kwa sababu ya picha tu nao utazamwe vizuri. Mwaka 1994 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu 98 wasio na maumivu ya mgongo kabisa. Walipopigwa picha ya MRI, 52% walikutwa na diski iliyovimba nje angalau sehemu moja, na 27% walikuwa na diski iliyochomoza. Picha ni shahidi, lakini shahidi mmoja hatoshi. Lazima ilingane na mguu unaouma na uchunguzi wa daktari.

Je, hijama?

Hijama imethibiti katika Sunna; Mtume (s.a.w.) aliumikwa, na katika Abu Dawud imepokewa kuwa aliumikwa nyongani kwa sababu ya maumivu. Anayeifanya kwa nia hiyo, kwa mtaalamu msafi na wembe mpya, huenda akapata nafuu ya misuli iliyokaza. Lakini hijama hufanya kazi kwenye ngozi na nyama; hairudishi ute ndani ya diski, wala haifungui neva iliyobanwa hadi mkojo ukakatika. Katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kwamba mtu aliyejeruhiwa aliwaita matabibu wawili wamtazame, naye Mtume (s.a.w.) akawauliza ni yupi kati yao mjuzi zaidi. Kumtafuta mjuzi zaidi nako ni Sunna.

Swala ya mwenye diski

Imran bin Husayn (r.a.) alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala. Jibu lake, kama lilivyo katika Sahih al-Bukhari, liliweka ngazi tatu: kusimama, ukishindwa kukaa, ukishindwa kulala ubavu. Wenye diski tunateleza kwenye ngazi hizi kwa pande zote mbili.

Wapo wanaojilazimisha kusujudu huku jasho likiwatoka, wakidhani rukhsa ni ya wazee. Na wapo wanaovuta kiti tangu takbira ya kwanza ilhali wana uwezo wa kusimama. Kanuni ya wanachuoni ni kwamba linalowezekana halianguki kwa sababu ya lisilowezekana. Kwa madhehebu ya Shafi'i, wanayoyafuata wengi katika nchi zetu, anayeweza kusimama katika swala ya faradhi lakini hawezi kuinama atasimama kwa kisomo, ataashiria rukuu kwa kadiri awezavyo, kisha atakaa na kuashiria sijda, akiishusha chini kuliko rukuu. Wanachuoni wa Hanafi wamemruhusu asiyeweza kusujudu aswali kwa kukaa. Hana haja ya kuinua mto hadi kwenye paji la uso.

Kinachopungua mwilini hakipungui katika daftari. Abu Musa (r.a.) amepokea, katika al-Bukhari, kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima na mkazi.

Kuamua

Baba yuko tayari kuuza ng'ombe wawili nisafiri Kampala nikapasuliwe. Ng'ombe hao ndio karo ya wadogo zangu. Mama anaogopa kisu. Gharama kwa familia ni sehemu ya mizani, si jambo la kuona haya kulitaja mbele ya daktari. Tulikaa sote watatu, kwa simu na yeye daktari, tukaandika mipaka: wayo ukianza kulegea, au mkojo ukisumbua, ng'ombe watauzwa siku hiyo hiyo na hakuna atakayejadili. Bila hayo, nasubiri hadi mwisho wa mwezi wa nne, nikitembea na kufanya mazoezi, kisha tunakutana tena. Nimeswali istikhara juu ya hilo, kwa kuwa ni mubaha. Sasa hivi nakaa darasani dakika arobaini kabla ya kusimama nyuma ya ukumbi, na vidole viwili bado vina ganzi. Sijui mwezi huo utaleta nini. Najua nitakuwa katika hukumu gani utakapofika, na hilo limenirudishia usingizi.

Maswali ya halaka

1. Mwenzenu anasema mguu unamwaka moto, na tangu jana hajaweza kukojoa. Anataka kwanza aswali istikhara. Mtamwambia nini?
2. Kwa nini Ibn al-Qayyim hakuifanya tiba ya mafuta ya kondoo kuwa ya watu wote? Kanuni hiyo inatufundisha nini kuhusu dawa tunazotumiana kwenye simu?
3. Mtu anaweza kusimama na kurukuu, lakini hawezi kusujudu. Ataswalije faradhi yake?
4. Ni lini gharama kwa familia ni sababu ya kungoja, na ni lini haiwezi kuwa sababu?

Namuomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote, atupe elimu yenye manufaa na matabibu wenye uaminifu. Wallahu a'lam.