Jiwe Katika Figo

Ndugu mfanyakazi, anayefanya kazi penye joto hutoka jasho jingi. Asipokunywa maji ya kutosha, mkojo wake unakuwa mzito, na chumvi zilizomo zaweza kugandamana kuwa jiwe.

Jiwe la chini ya milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe na mkojo. Lililo kubwa zaidi munganga aweza kulivunja bila kupasua mwili: mashine hupeleka mawimbi makali ya sauti kupitia ngozi, nalo jiwe hupondeka. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa hivyo mwaka 1980, Munich, Ujerumani. Mama mwenye mimba hatibiwi namna hii.

Ukisikia maumivu makali ubavuni pamoja na homa, usingoje kesho: figo laweza kuharibika. Na kila siku, kunywa maji mpaka mkojo uwe mweupe.