Yungiyungi la Mashyuza na Urujuani wa Usambara

Katika somo la mimea tulitakiwa kulinganisha mimea miwili ya maua iliyo karibu kutoweka. Wa kwanza sikuutafuta mbali. Ni yungiyungi dogo la Mashyuza, Bugarama, hapa hapa Rusizi. Kila Mnyarwanda ajua kwamba jina hilo latokana na chemchemi za maji ya moto.

Mtaalamu Mjerumani, Bwana Eberhard Fischer, aliliona mwaka 1987. Ndilo yungiyungi dogo kuliko yote duniani. Majani yake yaweza kuwa na upana wa sentimita 1 tu. Tena ndugu zake hukaa majini, bali hili huota topeni, mahali ambapo maji ya moto yametapakaa na kupoa hadi digrii 25 hivi. Mwaka 2008 halikuonekana tena, maana maji yalikuwa yameelekezwa mashambani na tope likakauka.

Kwa bahati, machache yalikuwa yamepelekwa Bonn, Ujerumani. Mbegu zikafika bustani ya Kew, London, lakini miche iliyooteshwa chini ya maji ilikufa yote. Bwana Carlos Magdalena akaiweka katika udongo ulio sawa na uso wa maji, ipate hewa ya kaboni ya kutosha. Mwaka 2009 ikachanua. (Mwaka 2014 mwizi aliiba mmoja!)

Urujuani wa Usambara, Tanzania, hupenda kivuli, nao huota juu ya mawe msituni. Ulipelekwa Ujerumani na Baron Walter von Saint Paul, na mwaka 1893 ukapewa jina la Saintpaulia. Leo umejaa madirishani Ulaya na Marekani. Lakini kwao, miti ikikatwa, jua huukausha pale pale jiweni.

Wenzangu wasema vyungu vya Ulaya vyatosha. Mimi sikubali. Urujuani wa vyungu umezalishwa na kuchanganywa na watu zaidi ya miaka mia, hata hauwezi kuwa badala ya ule wa msituni.

Yungiyungi letu nalo lilikutwa tena mwaka 2023, karibu na mahali pake pa kwanza. Mpunga wa Bugarama watulisha, wala siwezi kumwambia mkulima aache maji yote. Ila mmea wenye jani la sentimita 1 hauombi mto. Waomba tope lisilokauka, kando ya mfereji.